Mwongozo kamili: jinsi ya kufanya duka dogo la vitabu liwe baraza la mtaa

Naandika hii kwa urefu kwa sababu karibu kila wiki kuna mtu ananiuliza, wewe unauzaje vitabu Tanga na watu wanasema watu hawasomi? Huwa najibu kwa kifupi halafu najiona sijamsaidia. Sasa hapa nitamwaga yote, hatua kwa hatua, kuanzia chumba mpaka hesabu, pamoja na yale niliyoyakosea ili wewe usiyarudie.

Neno langu kubwa ni hili na ndio ntakalolirudia humu mpaka mwisho: duka la vitabu la mtaani linaishi kwa watu kukaa. Sisi watu wa pwani tunajua baraza ni nini, ile sehemu ya mbele ya nyumba mzee anakaa, jirani anapita anasalimia anakaa nae, kahawa inapita, habari inapita, mwisho hata ndoa zinapangwa pale. Duka la vitabu likiwa na baraza linakuwa la mtaa, likiwa halina linabaki ghala la karatasi. Na hili siyo jambo jipya, wakubwa zetu walishafanya. Tanzania Publishing House (TPH), shirika la kuchapisha vitabu, ilianzishwa 1966, Walter Bgoya akaiongoza kuanzia 1972 mpaka 1990, na pale Samora Avenue Dar palikuwa kijiwe cha wasomi wa chuo kikuu cha Mlimani na wapigania uhuru wa nchi za kusini mwa Afrika, watu walikuwa wanakwenda kubishana kama wanavyokwenda kununua. Bgoya akaja kuanzisha kampuni yake ya uchapishaji, Mkuki na Nyota, 1991, na duka la TPH liliendelea palepale Samora miaka mingi. Ukienda Mikocheni kuna Soma Book Café ya mama Demere Kitunga, ambae ni mchapishaji pia, pale unakuta vitabu, unakuta mijadala, mashairi na watu wametulia na vikombe vyao. Kwa hiyo usiogope ukadhani unabuni kitu cha ajabu.

Hatua ya 1: Kabla ya kukodi, kaa mtaani wiki mbili

Usikimbilie fremu (chumba cha duka) ya barabara kuu. Fremu za barabara kuu kodi yake ni ya mtu anaeuza simu, na ukianza na kodi kubwa utalazimika kuuza chochote kinachotoka, mwisho utakuta unauza vocha na soda na vitabu vimewekwa juu kabisa vinapigwa vumbi. Mi nilichukua fremu Ngamiani, barabara ya ndani kidogo, karibu na shule ya msingi na msikiti. Kabla ya kulipa nilikaa wiki mbili kwenye genge la jirani, asubuhi na jioni, naangalia nani anapita na saa ngapi. Niliona watoto wanatoka shule saa nane, niliona wazee wanatoka alasiri na hawana haraka ya kurudi nyumbani, niliona vijana wa bodaboda wamepaki wanasubiri abiria hata nusu saa nzima wanachezea simu. Hao wote watatu ndio wateja wangu leo.

Angalia vitu hivi: kivuli cha mchana mbele ya mlango (bila kivuli hakuna baraza), choo hata cha kuchangia, na ukuta ambao haulowi. Hili la ukuta nitalirudia maana liliniuma.

Halafu karatasi, hapa nakimbia haraka maana utaratibu unajulikana: jina la biashara kwa wasajili wa BRELA, namba ya mlipakodi (TIN) ya TRA, leseni ya biashara kutoka halmashauri, na waulize TRA mapema kuhusu mashine ya risiti ya EFD. Ukishamaliza nenda kajitambulishe ofisi ya serikali ya mtaa, mtafute mwenyekiti na mtendaji, waambie mapema kwamba kutakuwa na watu wanakusanyika Jumamosi kusoma na kughani mashairi. Ukimwambia kabla anakuwa mwenyeji wako, asipojua akasikia spika anakuja kama askari.

Hatua ya 2: Nunua benchi kabla ya rafu

Najua inasikika vibaya kwa mtu mwenye mtaji mdogo lakini nisikilize. Mi nilianza na rafu tano nzuri za kioo, hela karibu yote ikaisha hapo, na nikakaa miezi mitatu nauza madaftari tu, mtu anaingia anasimama anaulizia bei anatoka. Siku moja mzee mmoja mstaafu, alikuwa mwalimu, akaja akaniomba kiti asome gazeti lake pale kivulini maana nyumbani wajukuu wanapiga kelele. Nikampa ndoo niliyoigeuza chini juu. Kesho akarudi na mwenzie. Kesho kutwa wako wanne na wanabishana kuhusu ubeti wa shairi la gazetini kama mizani, yaani hesabu ya silabi za mstari, imekaa sawa au haijakaa, na mteja aliekuja kununua kalamu akasimama kusikiliza, akaondoka na kitabu cha mashairi. Ndio nilipokwenda kwa fundi seremala nikamwambia nitengenezee benchi mbili ndefu zenye mgongo.

Benchi moja weka nje kivulini na moja weka ndani kuangalia rafu. Ya nje ni ya yeyote, hata asiponunua mwaka mzima usimuulize. Ya ndani ni ya msomaji. Weka na meza ya chini ya watoto yenye mkeka, watoto wa huku wanasoma vizuri wakikaa chini. Weka gazeti moja la siku hiyo la Kiswahili, hiyo gharama ihesabu kama kodi.

Rafu ziwe za mbao, zinyanyue kutoka chini angalau shubiri moja na ziachie ukuta upana wa vidole vinne. Huku pwani masika yakipiga kuanzia Machi mpaka Mei ukuta unatoa jasho. Mwaka wa kwanza nilisukuma rafu mpaka ukutani, nilipovuta kuangalia mwezi wa tano nilikuta riwaya ishirini na kitu zimeshikana kurasa na zina madoa ya kijivu, na chini mchwa wameshaanza kujenga. Nilikaa chini nikalia kwa kweli. Sasa hivi kila Jumatatu asubuhi tunavitoa vitabu vya rafu moja, tunavipangusa kwa kitambaa kikavu, tunavipeperusha kurasa, tunarudisha, wiki inayofuata rafu nyingine. Kazi hiyo wanaifanya watoto wakubwa wa klabu yetu ya Jumamosi (nitaieleza Hatua ya 5) na kila mmoja analipwa kwa kuazima kitabu kimoja nyumbani wiki nzima.

Hatua ya 3: Panga mzigo kwa mafungu matatu

Fungu la kwanza ni la kulipa kodi: madaftari, kalamu, vitabu vya kiada vya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) na vya ziada. Januari shule zikifungua hili ndilo linakulisha, usilidharau hata kama moyo wako uko kwenye riwaya. Fungu la pili ni vitabu vya mtumba, vya Kiingereza na vya Kiswahili vya zamani, nunua kwa watu wanaohama na kwa familia zilizofiwa na mtu msomaji, ila kwa hao wa msiba nenda kwa adabu, subiri arobaini ipite, na ukikuta barua au picha ndani ya kitabu irudishe.

Fungu la tatu ndilo roho ya duka: riwaya, mashairi, hadithi za watoto na historia, vya Kiswahili, vipya. Hapa usinunue taslimu vyote. Ongea na wachapishaji kwa mali kauli, wanakupa vitabu, unauza, unalipa mwisho wa mwezi au wa miezi mitatu, visivyotoka unarudisha vikiwa safi. Siyo wote watakubali mara ya kwanza. Anza kwa kununua taslimu vichache, lipa kwa wakati mara mbili tatu, halafu ndio uombe. Punguzo la muuzaji nililowahi kupata mimi liko kati ya asilimia 20 na 35, na nauli ya basi ya mzigo kutoka Dar inakula humo humo, kwa hiyo agiza kwa pamoja mara moja kwa mwezi badala ya kopi mbili mbili.

Kitu kimoja usifanye hata njaa ikikushika: usiuze kopi za kudurufu wala usisambaze PDF za vitabu vya watu kwenye magrupu ya WhatsApp ili upate wateja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999 na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo, lakini hata bila sheria, huwezi kumwalika mwandishi aje kukaa kwenye benchi lako huku unamwibia.

Hatua ya 4: Waandishi wa mji wako wapewe rafu yao

Kila mji una watu wanaoandika na hawajulikani. Tanga hii ndio kwao Shaaban Robert, aliezaliwa 1909 na kuzikwa huku huku Machui, na bado ukiuliza mtoto wa sekondari atakwambia mwandishi ni mtu wa kwenye mtihani. Mi nimetenga rafu moja usawa wa macho, mlangoni kabisa, nimeandika kwa chaki WA KWETU. Hapo kuna mwalimu aliechapa mashairi yake kwa hela yake, kuna nesi aliyeandika hadithi za watoto, kuna mzee wa historia ya mkonge.

Utaratibu wangu ni huu. Mwandishi analeta kopi kumi, siyo zaidi. Tunaandika kwenye daftari la kaunta: tarehe, jina la kitabu, idadi, bei, na sahihi mbili. Kikiuzwa cha 10,000 yeye anapata 7,000 na duka 3,000. Tarehe 5 ya kila mwezi nampigia simu MIMI, simsubiri aje kuulizia, hata kama imeuzwa kopi moja namtumia hela yake kwenye simu na ujumbe wa nani amenunua, mwalimu, mwanafunzi, mgeni. Niliwahi kuwa upande wa pili, niliacha kopi za kitabu changu kwenye duka moja siku hizo, nikazungushwa mwaka mzima mpaka nikaacha kupita mtaa ule, kwa hiyo hili nalishikilia kama sala. Na yule asiye na ISBN mwelekeze Maktaba ya Taifa, ndio wanaotoa.

Baada ya miezi sita kisipotoka hata kimoja, mwambie ukweli kwa upole na mshauri: jalada, bei, au asome mwenyewe mbele za watu. Hilo la mwisho ndio linaleta hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Chagua siku moja na usiihame

Makosa ya wengi ni kufanya tamasha kubwa la ufunguzi, mziki, kofia, fulana, halafu kimya mwaka mzima. Fanya kidogo lakini kila wiki siku ile ile saa ile ile, mpaka mtaa uanze kuhesabu kwa siku yako. Yetu ni Jumamosi. Asubuhi saa 4 ni hadithi za watoto, jioni saa 10 mpaka saa 12 ni mashairi ya kujibizana. Tunafunga saa 12 kamili maana magharibi inaingia muda si mrefu na jirani yetu ni msikiti, ukiheshimu adhana hata imamu anakutangazia. Ramadhani tunahamisha ya jioni baada ya tarawehe na zinakuwa fupi.

Ya watoto inakwenda hivi: bibi mmoja wa mtaa anatoa hadithi ya mdomo kwanza, paukwa, pakawa, watoto wanaitikia mpaka barabara ya pili wanasikia, halafu ndio tunafungua kitabu na mtoto mmoja mkubwa anasomea wenzie. Usianze na kitabu. Ukianza na kitabu nusu yao wasiojua kusoma vizuri wanaona aibu wanajitenga, ukianza na sungura na fisi wote wako sawa. Wanaozidi umri wa kusikiliza wape kazi ya kuchora kile walichosikia, picha zinabandikwa ukutani wiki nzima kwa jina la mtoto, na mzazi anaekuja kuangalia picha ya mwanae ndio huyo huyo utamkuta baadae anauliza kitabu cha shilingi 4,000. Omba ruhusa ya mzazi kabla hujapiga picha za watoto na kuzirusha, hili halina mjadala.

Ya jioni, tulianza na wale wazee wa benchi. Nilitoa swali moja la kishairi nikaliandika kwenye ubao nje siku ya Jumatatu, ubeti mmoja tu wa mistari minne, na kila anaetaka kujibu alete jibu lake Jumamosi kwa bahari (mtindo wa shairi) ile ile na vina vile vile. Wazee walikuja na karatasi zimekunjwa mfukoni. Vijana walikuja na simu. Kijana mmoja wa bodaboda, ambae alikuwa anatusikiliza akiwa juu ya pikipiki yake tu, wiki ya nne akashuka akaghani beti tatu kuhusu abiria asiye na chenji, mizani imenyooka 8 kwa 8, yule mwalimu mstaafu akasimama akamshika mkono. Siku ile walikuwepo watu 28 na vilitoka vitabu 9, na kwa duka langu hiyo ni Jumamosi nzuri sana.

Ngonjera pia zinafaa kwa wanafunzi, ile sanaa aliyoikuza Mathias Mnyampala, shule ya sekondari ikileta wanafunzi wawili wanaojibizana walimu wao nao wanakuja. Usichanganye na rapu siku ya kwanza lakini usiifungie mlango, wana hiphop wakija wape zamu yao, wazee wanalalamika kidogo halafu wanaanza kuhesabu mizani ya rapu na mjadala unakuwa mtamu kuliko shairi lenyewe.

Kwa mikusanyiko ya kawaida ya bure ya mchana mi naishia serikali ya mtaa. Ukitaka shoo ya kiingilio na spika kubwa, pitia kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri, atakwambia kama unahitaji kibali cha BASATA (Baraza la Sanaa), na usipige mziki wa watu kwenye shoo bila kuulizia leseni ya hakimiliki.

Hatua ya 6: Ukuta, chai na hela ya msanii

Ukuta mmoja uache wazi bila rafu. Mpe mchoraji wa mji miezi miwili atundike kazi zake, andika bei chini ya kila picha, na siku ya kutundika ndio uzinduzi wenyewe. Duka lichukue kidogo kwenye mauzo, mi nachukua asilimia 15. Picha zikikaa juu ya vitabu watu wanatoa macho kwenye simu, na mchoraji analeta ndugu zake ambao hawajawahi kuingia duka la vitabu.

Chai usipike wewe. Mama anaeuza vitumbua na chai ya tangawizi hapo jirani mwambie Jumamosi jioni asogee mbele ya duka, hela yote yake. Wewe huhitaji jiko, hujagombana na mtu wa afya, na mama yule atakulindia duka kuliko mlinzi wa kukodi.

Msanii alipwe. Hata 5,000 ya nauli ndani ya bahasha, siku hiyo hiyo, kabla hajauliza. Ukimwambia "tunakupa nafasi ya kujulikana" utampata mara moja tu, harudi tena. Hela hiyo inatoka wapi? Mi natenga 500 kwenye kila kitabu kipya kinachouzwa, naitia kwenye kopo la Blue Band la kaunta limeandikwa SANAA, na wateja wakiliona wanatia na chenji zao. Mwezi mbaya kopo lina hela ya mtu mmoja tu, basi naalika mtu mmoja.

Hatua ya 7: Daftari

Kila siku andika vitu vinne: umeuza nini, kwa shilingi ngapi, watu wangapi wamekaa (siyo walionunua, WALIOKAA), na kitabu gani kimeulizwa hakipo. Safu hiyo ya nne ina thamani kuliko zote. Ndiyo iliyonionyesha kwamba akina mama wanataka vitabu vya mapishi na malezi kwa Kiswahili, na kwamba vijana wanaulizia hadithi za kijasusi za zamani, mambo ambayo mimi nisingeagiza kwa akili yangu. Kikiulizwa mara tatu agiza kopi mbili.

Lipa Namba, ile namba ya kupokelea malipo ya simu, iwe ya duka, siyo yako binafsi, hela zisichanganyike na za mboga. Kila mwezi ukitoa kodi, umeme na mali kauli za watu, angalia kilichobaki. Mwaka wangu wa kwanza hakikubaki kitu, niliishi kwa kufundisha tuisheni jioni, na nakwambia hivyo ili ujipange uwe na kazi nyingine ya pembeni angalau miezi kumi na miwili. Mwaka wa pili madaftari ya Januari yalilipa kodi ya miezi mitano. Kwenye kodi, omba mkataba wa maandishi wa miaka miwili hata kama mwenye nyumba ni mtu wa heshima, maana ukishalifanya eneo lichangamke na bei ya fremu inapanda.

Hatua ya 8: Funguo ya pili

Hii niliichelewesha mno. Nilipougua malaria wiki mbili duka lilifungwa, na Jumamosi mbili watoto walikuja wakakaa nje na bibi yao wa hadithi, akawahadithia pale pale kwenye benchi la nje mlango ukiwa umefungwa. Nilipoambiwa nilijua funguo lazima iwe kwa mtu mwingine.

Chagua mtu kutoka kwenye klabu, siyo ndugu yako kwa sababu ni ndugu. Mfundishe mwezi mzima: wiki ya kwanza apange rafu, ya pili aandike daftari, ya tatu auze wewe ukiwa umekaa nje, ya nne afungue na kufunga peke yake huku wewe uko nyumbani na simu imewashwa. Mlipe kwa siku. Mpe orodha ya namba tatu: mwenyekiti wa mtaa, fundi umeme, na mama wa vitumbua. Mimi nilimpa yule kijana wa bodaboda. Anafungua saa 2 asubuhi kabla hajaanza kubeba abiria, anaandika swali la ubeti kwenye ubao, anafagia chini ya benchi, na mimi nikifika saa 3 nakuta mwalimu mstaafu ameshakaa na penseli yake anahesabu mizani kwa vidole.